Jirani wa Juu na Jirani wa Chini
Nilikulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwa miaka kumi na mmoja sasa ninaishi Flevoland, Uholanzi, mkoa ambao sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya maji hadi ilipokaushwa mwaka 1957 na 1968. Mpaka leo sijazoea ardhi isiyo na juu wala chini. Nyumbani tunapanda kihambani, yaani shamba linalozunguka nyumba, na kushuka shamba la porini. Kaskazini na kusini ni maneno ya shuleni.

Kilichonilea hasa ni mfongo, ule mfereji unaochepushwa kutoka mtoni na kupitishwa ubavuni mwa mlima mpaka kwenye migomba na kahawa. Namkumbuka baba mkubwa akiinama alfajiri, akiondoa gogo la mgomba na matope yaliyoziba maji, kisha, zamu yetu ilipokwisha, akiziba tena kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa jirani wa chini alikuwa amesimama pale akitazama. Hapo nilijifunza kwamba nilifanyalo humshukia mwingine, na pia, lazima nikiri, kwamba aliye juu huogopwa hata asipostahili.

Huku maji hayatoki kwa jirani. Ardhi iko chini ya usawa wa bahari, na pampu zikisimama, tajiri na maskini watalowa pamoja. Nadhani ndiyo sababu watu huketi vikaoni kwa saa nyingi bila kujali nani mkubwa, na wajumbe wengi wa bodi za maji, zinazosimamia pampu na kuta za kuzuia mafuriko, na ambazo ni 21 nchi nzima, huchaguliwa kwa kura. Machi 2023 nami nilipiga kura hiyo ingawa si raia, na jambo hilo lilinigusa sana.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba tambarare huzaa usawa na mlima huzaa ubwana. Usawa wa huku umekabidhiwa mitambo. Majirani zangu wengi hawajawahi kuiona pampu inayowaepusha na mafuriko, ilhali kule kwetu mtoto wa miaka saba alijua maji yanatoka wapi na zamu ya leo ni ya nani. Ningependa zamu za mfongo zisimamiwe na watu waliopigiwa kura, na ningependa wanangu waliozaliwa huku washike matope yake.

Mama aliwahi kuniuliza kwa simu kama ninakoishi ni juu au chini. Nilipomjibu kwamba ni chini ya bahari, alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani anayeziba maji usiku.