Spika kwenye safari ya kuangalia ndege

Jamani, mtu ukialikwa kwenda kuangalia ndege, spika ya bluetuthi unaibebea nini?

Jumamosi tulikwenda Msimbati, watu watano. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, ndege vidoa tu huko ukingoni. Nikawaambia wenzangu: tukae kivulini, kimya, maji yakianza kujaa yatawasogeza wenyewe. Saa mbili nzima niko mchangani, hata korosho natafuna taratibu nisipige kelele.

Wakaja kweli. Yangeyange kwanza, hao wa kila siku. Kisha sululu na mdomo wake uliopinda. Halafu wale niliowafuata hasa: weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama koleo. Hawa huzaliana pwani za Uarabuni, wanataga ndani ya mashimo mchangani, kisha wanashuka huku kwetu kula kaa. Mmoja kamdaka kaa mbele yangu, anamtikisa, miguu ya kaa inaning'inia. Darubini ndiyo kwanza imetulia.

Singeli!

Ndege wote juu, kundi zima, wakakata kuelekea upande wa Ruvuma. Kaa kaangushwa, akajikokota zake na miguu iliyobaki.

"Samahani kaka, imejiunganisha yenyewe."

Imejiunganisha! Na kuizima hakuizima, alipunguza sauti tu. Tukiwa njiani kurudi, eti ananiuliza kama nilimpiga picha yule mweupe, nimrushie aweke status.