Jirani ameuza gari, Mzee wetu bado anaendesha usiku

Jirani yangu hapa Leicester, mzee wa miaka 83, ameuza gari lake. Hakugonga mtu. Presha ya macho imemlia uoni wa pembeni, akarudisha leseni. Juzi nimemkuta kituoni na kadi yake ya basi, mchangamfu kabisa. Nilifurahi, halafu nikapandwa na hasira nikimkumbuka Mzee wetu, baba yangu, kule Dar.

Najua mtasema: kaenda Ulaya juzi, keshaanza kutufundisha. Subirini. Sheria ya Uingereza si kali hivyo. Leseni inaisha ukifika miaka 70, unaihuisha kila miaka 3, na hali ya afya unaieleza mwenyewe, mtihani hurudii. Mwaka 2019 Prince Philip, mume wa Malkia, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham akiwa na miaka 97. Wanawake wawili waliumia, ndipo akarudisha leseni. Ubishi wa wazee hata huku upo.

Tofauti ni basi. Mzee wa England akifika umri wa pensheni anapanda bure, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Basi linainama upande wa mlango ili apande bila kuinua sana mguu. Baba yangu ana miaka 78. Nimwambie aache gari agombanie daladala Mbagala Rangi Tatu? Apande bodaboda na goti lile? Hapo namtetea, na atakayemcheka tutagombana.

Lakini safari ya Korogwe, mkoani Tanga, usiku? Ukitokea msiba anaondoka Dar baada ya isha. Mwaka jana mdogo wangu alikaa naye mbele. Kila lori likija na taa kali, Mzee anakinga macho kwa mkono mmoja, gari linakanyaga mstari wa kati. Mdogo wangu ana leseni, na alinyamaza mpaka Segera. Nilipomuuliza akasema, "Ningemwambiaje Mzee?"

Jirani yangu hana mtoto anayekaa karibu, kaamua peke yake. Sisi tuna nyumba nzima ya madereva, tunakaa abiria kwa adabu. Mnaita heshima. Heshima gani ya kumwachia mzee usukani saa saba usiku, vijana wamelala siti ya nyuma?

Nakuja Desemba. Msikitini na sokoni aendelee kujiendesha. Safari za usiku, na yoyote inayovuka Chalinze, ufunguo ashike mdogo wangu. Nitamwambia mimi, Mama akiwepo.