Anayejaza fomu si shahidi mzuri wa maneno yake

Makala yenu inasema mvurugiko wa mawazo, yaani mawazo kutoshikana hadi maneno ya mtu hayafuatiki, unaweza kupimwa kwa watu wa kawaida, wasio wagonjwa, kwa kuwapa dodoso wajijazie. Sikatai moja kwa moja. Dodoso la mwanasaikolojia Adrian Raine la mwaka 1991 lina maswali 74 ya ndiyo au hapana, na mojawapo linauliza kama ukiongea huwa unaruka haraka kutoka mada moja hadi nyingine. Sasa jamani, anayeruka mada atajuaje? Anayejua ni yule aliyekaa naye akimsikiliza. Nyani haoni kundule, halafu tunampa kalamu ajikague! Mwingine ana wasiwasi tu, au hajalala wiki nzima kwa ajili ya kichanga, atatia tiki “ndiyo” kila mstari, kumbe akikusimulia alivyohangaika na daladala asubuhi unamwelewa mwanzo hadi mwisho.

Nancy Andreasen, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 1979 alitoa kipimo ambacho mtaalamu ndiye anayesikiliza mazungumzo: mtu anajibu alichoulizwa? Sentensi zinashikana? Kazi hiyo inakula muda na inataka watu waliofundishwa, nakubali, na kwa maelfu ya watu fomu ni nafuu. Basi wanaotumia fomu wangewarekodi hata wachache wakiongea, walinganishe na tiki zao. Mwandishi, hilo lilifanyika?

Na kile kichwa cha makala yenu chenye neno “ukichaa” kibadilisheni, tafadhali.