Usaili wa tamthilia: fomu kwanza, kipande baadaye

Watu wengi wanaokwenda kwenye usaili wa igizo la kujitolea hutumia wiki nzima kukariri kipande cha tamthilia, halafu fomu ya ratiba, ile ya kuandika siku ambazo hutakuwepo, wanaijaza mlangoni, kalamu ya kuazima. Naona wameanzia mkiani.

Hapa hakuna anayelipwa. Mazoezi ni jioni watu wakishatoka kazini, tuseme mara tatu kwa wiki kwa wiki sita hadi nane, na wiki ya mwisho ni kila siku. Onyesho la watu watano haliwezi kufanyiwa mazoezi iwapo wawili hawapo kila Jumanne. Ndiyo maana waigizaji wawili wakikaribiana kwa uwezo, mwongozaji humchukua aliyeandika "tarehe 14 na 15 sipo, nina harusi" na kumwacha aliyeandika "nitajitahidi". Safari iliyofichwa hujitokeza mazoezi yakiwa yameshika kasi, na hapo nani asimame wapi jukwaani inabidi kupangwa upya kwa kila mtu.

Kwenye fomu hiyo pia huulizwa unataka nafasi gani, na jina la tamthilia huwaponza watu. Katika Juliasi Kaizari ya Shakespeare, Kaizari mwenyewe anauawa mwanzoni mwa sehemu ya tatu, na maneno yake ni machache kuliko ya Brutus, Cassius au Antony. Soma tamthilia yote kabla ya kuandika. Na kama hutaki nafasi ndogo, sema hapo hapo. Kukubali kisha kujitoa baada ya majina kubandikwa ni kuwaonea wenzako.

Kipande cha kukariri kiwe cha sekunde 60 hadi 90. Kipime kwa saa huku ukikisema kwa sauti, maana kichwani kila kitu ni kifupi. Hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari ningeiacha: wasaili wameisikia mno, na kila mmoja wao ana Antony wake kichwani. Taja jina lako na la mhusika, vuta pumzi, anza. Macho yaelekeze ukutani, juu kidogo ya vichwa vyao. Ukimkazia msaili macho unamlazimisha kuigiza nawe wakati anataka kuandika.

Kosa kubwa kwenye tamthilia za kishairi, hata kwa tafsiri ya Nyerere ya Juliasi Kaizari, ni kutua mwisho wa kila mstari. Sentensi ikivuka mstari, vuka nayo. Weka alama kwa penseli kwenye kila nukta, na pumzi uvute hapo. Sauti ya "kizamani", ile nzito ya kutetemeka, iache nyumbani.

Lakini nafasi nyingi huamuliwa kwenye kusoma na mwenzako karatasi mliyopewa dakika tano zilizopita. Ishike usawa wa kifua, kidole gumba kwenye mstari unaousoma. Chota maneno kwa macho, inua uso, mwambie mwenzako, rudi. Anayezika uso kwenye karatasi sauti yake huishia sakafuni. Na mwenzako akisema, msikilize. Acha kuwinda zamu yako ijayo. Wasaili huangalia sana uso wa asiyezungumza.

Kisha utaambiwa: "Rudia, sasa kama unamwogopa." Huenda ulikuwa umesoma vizuri kabisa. Wanapima kama unaelekezeka, na wengi hapo hurudia vile vile, ila kwa kelele zaidi. Badilisha kitu kinachoonekana: mwendo, umbali, mahali pa kunyamaza. Hata ukikosea, umeonyesha unaweza kubadilika.

Ukiteleza neno, endelea bila kuomba radhi. Ukiitwa mara ya pili, vaa nguo zile zile za siku ya kwanza. Kwenye karatasi zao huenda pembeni ya jina lako pameandikwa "shati la kijani", na wanalitafuta shati hilo.