Leseni za usemi na usikivu: nani ataruhusiwa kumhudumia mtoto wa Bondo?

Wanaodai hapa Kenya kwamba tiba ya usemi na taaluma ya usikivu, yaani upimaji na tiba ya kusikia, ziwe na sheria na baraza lao la kusajili, kutoa leseni na kuadhibu wana hoja nzito. Wenzao wa fiziotherapia walipata sheria yao 2014. Sheria ya Afya ya 2017 iliunda mamlaka ya kusimamia taaluma za afya kwa jumla, lakini kuamua nani amehitimu kumpima mgonjwa wa kiharusi kama anameza salama, ambayo nayo ni kazi ya mtaalamu wa usemi, kunahitaji watu wa fani yenyewe. Mgonjwa huyo anaweza kuvuta uji mapafuni bila hata kukohoa, akashikwa na nimonia siku chache baadaye, na jamaa zake wasijue kwamba chanzo kilikuwa kijiko. Mtu aliyehudhuria semina ya wiki mbili asiguse kazi hiyo. Na mzazi wa mtoto asiyesema, anayelipia kila kikao kwa jasho lake, ana haki ya kujua kama anayemtibu mwanawe aliisomea.

Linalonisumbua ni jinsi anavyochukuliwa mtu anayeuliza sheria hiyo itafanya nini huku Nyanza na Magharibi. Akiuliza tu, anaonekana mtetezi wa matapeli.

Huku kwetu, mtoto asiyesikia mara nyingi hugunduliwa na mwalimu wa chekechea au mhamasishaji wa afya ya jamii. Kutoka hapo anapelekwa kwenye kituo cha tathmini ya elimu, vile vilivyoanzishwa 1984, au kwa afisa wa kliniki aliyeongeza masomo ya masikio, pua na koo katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Mwenye shahada ya usikivu yuko mjini, na mji wenyewe mara nyingi ni Nairobi. Kanuni ya kimataifa inataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Mtoto anayegunduliwa anapoingia shule tayari amepoteza miaka ambayo wenzake walikuwa wakijifunza lugha, iwe ya kusema au ya ishara.

Chukua kazi moja tu: kalibu ya sikio, kile kipande laini kinachoshikilia mashine ya kusikia. Sikio la mtoto mchanga hukua haraka, kwa hiyo kalibu hulegea na huenda ikahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Ikilegea, sauti huvuja, mashine hupiga mluzi, mtoto huing'oa, na mama huishia kuiweka kabatini. Kutengeneza nyingine huanza kwa kutazama ndani ya sikio, kuingiza kipande cha sponji chenye uzi, kisha kujaza silikoni kwa bomba na kungoja igande. Kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio, kikiwa kimetoboka na mtu asikitazame kwanza, silikoni inaweza kupenya hadi sikio la kati na kuhitaji upasuaji kuitoa. Hatari ipo, sikatai. Lakini kinachoizuia ni jicho lililozoea kutazama kiwambo, na afisa wa kliniki wa masikio hukitazama kila siku ya kazi.

Sheria ikisema kazi hiyo ni ya mwenye shahada peke yake, mama wa Bondo, kaunti ya Siaya, atapanda matatu hadi Kisumu, pengine hadi Nairobi, alipe nauli na apoteze siku ya soko. Miezi michache ikipita, aende tena. Safari ya kwanza atakwenda. Ya tatu nina shaka nayo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2024 kwamba zaidi ya watu milioni 400 wangefaidika na mashine za kusikia, na wanaozipata hawafiki asilimia 20. Mwongozo lilioutoa mwaka huohuo kwa nchi za kipato cha chini na cha kati unahimiza kugawana kazi na watu waliofunzwa wasio mabingwa. Watakaosema huko ni kuwapa maskini huduma duni nawaelewa, ila wawaambie pia wazazi hawa huduma bora iliyo karibu nao ni ipi.

Kuna na suala la lugha. Vipimo vingi vya usemi vilitungwa kwa watoto wa Kiingereza. Mwalimu aliyelelewa kwa Kijaluo au Kibukusu anajua mtoto wa miaka minne hutamka nini na nini bado, na mtaalamu anamhitaji kando yake.

Kwa hiyo baraza liwepo, na vyeo vilindwe kwa adhabu kali. Tathmini ya kumeza na uthibitisho wa kiwango cha usikivu vibaki kwa waliohitimu. Kalibu, uchunguzi wa awali na mazoezi ya ufuatiliaji vipewe leseni ya ngazi ya pili, chini ya msimamizi anayejulikana kwa jina na anayewajibika, Nairobi sawa na Busia. Na faini zisianze kabla ya mafunzo ya kupandisha ngazi kufika Kisumu, Kakamega na Nakuru, maana afisa anayehudumia kaunti nzima peke yake hawezi kufunga kliniki miaka miwili akasome mbali.