Kuna Kitu Kinakesha Chini ya Kitanda

Gari lenyewe si langu, niliseme hilo mapema kabla hamjaanza kunikopa. Ni la shemeji, kaka yake mama watoto, anayeishi Dodoma. Aliamka asubuhi moja akaona utajiri wote wa nchi hii uko kwenye utalii, akaagiza Japani Hiace yenye kitanda, friji, sinki na mapazia. Gari likashuka bandarini Dar es Salaam, na kwa kuwa mimi nakaa Kigamboni na nina uwanja wenye mwembe, nikapigiwa simu. "Shem, likae kwako tu. Kazi yako ni kulitazama."

Kulitazama! Gari la kutazamwa tu halijatengenezwa bado.

Kwanza ukiingia nalo barabarani, wewe si mtu binafsi tena. Ukipunguza mwendo kwenye tuta, mtu ameshashika mlango. "Kibada?" Mama, hili si daladala. "Si Hiace hii?" Ni Hiace, lakini ina kitanda. Hapo ndipo unapoharibu kabisa, maana mama anarudi nyuma hatua mbili, anakutazama juu mpaka chini, na kituo kizima kinageuka. Siku hizi nasema "gari bovu" naendelea na safari.

Halafu ukiwasha kuna yule dada wa Kijapani anayezungumza ndani ya dashibodi. Wenye magari ya mtumba mnamjua, kila asubuhi ana neno. Wajuzi wanasema analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kadi ya barabara za kulipia za Japani, mimi naenda Feri kununua samaki! Lakini huyo simlaumu hata kidogo, angalau yeye shida yake anaitaja. Shida ya nyumba yangu ni betri ya nyuma, ambayo hufa kimya kimya na kuniachia mimi maelezo.

Niwaeleze maana wengine hamjaliona gari la aina hii. Lina betri mbili. Ya mbele ni ya kuwashia injini, hiyo mnaijua. Ya nyuma imefichwa chini ya kitanda, yenyewe inaendesha friji, taa, feni ya paani na pampu ya maji ya sinki. Mpango ni mzuri: mgeni akilala Mikumi, friji ikala umeme usiku kucha, asubuhi ya nyuma imechoka lakini ya mbele iko nzima na injini inawaka. Gari likitembea, altaneta inazichaji zote mbili. Hakuna cha kubishia hapo.

Sasa hii yetu inakufa pasipo mgeni, pasipo Mikumi wala friji. Gari limelala chini ya mwembe, kila swichi imezimwa, nimehakikisha mimi na mama watoto kahakikisha nyuma yangu kwa sababu haniamini. Zikipita siku mbili tatu unawasha taa, inatoa wekundu kidogo, inafikiria, inazima. Na kwa bahati ile ile ndipo shemeji anatuma ujumbe wa sauti: "Shem, wageni Ijumaa. Friji iwe ya baridi, Wadachi hawa hawapendi maji ya moto." Kwani mimi napenda?

Nikaita fundi. Alikuja na kipande cha waya mkononi, hicho ndicho kifaa chake chote. Akagusisha upande huu na upande ule wa betri, ikatoa cheche, cha! Akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari wa zamu. "Bosi, betri imekufa hii. Haishiki chaji. Nunua mpya, saizi ya N100." Nikampigia shemeji, shemeji akaguna, hela ikatumwa. Betri mpya ikafungwa. Ile ya zamani fundi akaibeba mwenyewe kwa roho safi: "Hii niachie, bosi. Ina tindikali, kuitupa ovyo ni hatari kwa watoto." Nikaona huyu kijana ana utu.

Betri mpya ilikaa wiki hiyo hiyo, ikafa kifo kile kile.

Fundi wa pili alikuja na spana nyingi na hadithi nyingi zaidi. Huyu akasema altaneta, ishushwe, ifumuliwe, isukwe upya. Nikamuuliza, ndugu yangu, altaneta si hiyo moja inayochaji na ya mbele? Mbona ya mbele inawasha injini kila siku bila kusukumwa? Akanitazama kwa huruma. "Bosi, umeme ni mambo mengi." Hilo jibu nimeligundua: likitoka tu kinywani mwa fundi, shika pochi yako.

Basi habari zikaenea mtaani. Na mtaa wetu, ukiwa na njaa hakuna anayejua, lakini gari likigoma kila mtu ana shahada. Mzee wa nyumba ya pili akaja na fimbo yake. "Mliiweka betri kwenye sementi?" Ndiyo mzee, mara moja, tulipokuwa tunaifuta vumbi. "Basi. Sementi imenyonya." Mimi najua maganda ya betri zamani yalikuwa ya mbao na raba, unyevu uliweza kupenya, na haya ya leo ni plastiki tupu, sementi itanyonya nini? Lakini mzee kasema mbele za watu, utambishia vipi? Tukaiweka juu ya ubao. Ikafia juu ya ubao.

Kijana wa bodaboda akasema iongezwe maji. Betri yenyewe imezibwa juu kote, haina hata kifuniko kimoja cha kufungua. Akasema basi itobolewe. Nikamwomba asogee.

Shemeji naye, akiwa Dodoma, akawa na dawa yake: "Lizungushe mtaani nusu saa, lichaji." Hesabu hiyo nimeipiga baadaye na nikakasirika upya. Betri ya nyuma iko mbali na altaneta, waya umepita chini ya zulia na viti, ikipata ampea 15 mshukuru Mungu. Nusu saa ya ampea 15 ni ampea-saa saba na nusu. Betri ni ya ampea-saa 100. Yaani nichome dizeli kuzunguka Kigamboni nikikataa abiria wa Kibada, nirudi nimetia tone. Tena siku nyingine hiyo nusu saa yote nimekaa foleni ya pantoni, injini imezimwa!

Mwenzenu nikaanza kuwaza kivyangu. Simtanki likikutwa tupu asubuhi, hakuna mwenye akili anayekwenda kununua simtanki jingine. Unauliza mawili tu: jana maji yaliingia? Na kama yaliingia, yanavujia wapi? Sasa kwa nini betri ikiwa tupu watu wazima wote wanakimbilia dukani?

Aliyenisikiliza ni binti wa jirani, anasoma umeme chuo cha ufundi, VETA, alikuwa amekuja likizo. Akapita na ndoo yake, akatukuta wanaume tumelizunguka gari, uwanja umejaa ushauri. "Shikamooni." Marahaba. "Mmepima?" Kimya. "Betri inasoma ngapi?" Tukatazamana. Mzee akasema ilikuwa kwenye sementi.

Akaenda kuleta mita yake ndogo ya njano, ya plastiki, waya mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Akapachika kwenye betri ya nyuma: volti 11.9. "Baba, betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7 hivi. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. Hii imeisha. Na mkiiacha hivi siku nyingi, salfeti inaganda kwenye sahani zake, hapo ndipo itakufa kweli." Sauti ya upole kabisa. Akaniambia niwashe injini. Dada wa Kijapani akasema yake. Betri ya mbele: 14.2. Fundi wa altaneta angekuwepo angeona aibu, ingawa sidhani. Betri ya nyuma: 11.9, haikusogea hata nukta.

"Hakuna kinachofika huku," akasema.

Kati ya betri mbili kuna relei, swichi inayoziunganisha zenyewe injini ikiwaka. Tuliisikia ikipiga ta! injini ilipowaka, kwa hiyo iko hai. Akafuata waya mwekundu mnene kutoka mbele mpaka kwenye kikasha cha fyuzi, akakifungua kwa kucha. Jamani! Ndani kulikuwa na unga wa kijani na mweupe, fyuzi yenyewe huioni. Hewa ya chumvi ya Kigamboni, kila mwenye bati anaijua kazi yake. Akakwangua kwa msasa, akarudisha, akapima tena nyuma: 13.9. Wanaume tukapiga makofi. Kijana wa bodaboda akasema ndicho alichokuwa anamaanisha.

Mimi nilikuwa tayari naenda kuagiza soda. Binti akasema bado. Hiyo ni habari ya kuingia, na kufa kwa siku tatu ni habari ya kutoka.

Akazima injini na kila kitu, akachomoa waya wa hasi wa betri ya nyuma, akahamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu lililoandikwa 10A, akaweka mita katikati ya betri na ule waya ili umeme wote upite ndani yake. Akanikataza kugusa friji wala pampu wakati huo, vikiwaka mita inaweza kuungua. Namba ikatokea: 0.7. Gari limezimwa, limelala, halina mtu, linakula ampea 0.7.

"Zidisha kwa saa 24," akasema. Karibu ampea-saa 17 kwa siku. Betri ya 100 ya aina hii si vizuri kuila chini ya nusu, kwa hiyo una 50. Gawa mwenyewe. Siku tatu! Ugonjwa wetu umetoka kwenye karatasi, bila cheche, bila kufumua, bila ubao.

Basi akaanza kuchomoa fyuzi ndogo moja moja huku macho yake yakiwa kwenye mita. Ya redio, 0.7. Ya taa, 0.7. Ya feni, 0.7. Ya pampu, 0.7. Ikabaki moja ya pembeni yenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyewahi kuyagusa. Akaichomoa. 0.02.

Mzee akasema, "Alaa."

Tukafuata waya wake. Godoro likatolewa, mbao za kitanda zikanyanyuliwa, mama watoto akasimama dirishani akishuhudia kitanda cha shemeji kinavyofumuliwa hadharani. Kule chini kabisa, pembeni ya tenki la maji, kulikuwa na kisanduku cha aluminiamu chenye mapezi. Binti akairudisha fyuzi, kitaa cha kijani kikawaka. Tukangoja, nikaweka mkono: cha uvuguvugu. Inveta. Inachukua volti 12 za betri inazigeuza kuwa 100, umeme wa nyumbani wa Japani, ikiupeleka kwenye soketi ndogo ukutani yenye tundu mbili bapa ambayo sisi tangu gari lije tumeiona pambo.

Hebu nisaidieni. Tanzania umeme wetu ni volti 230, plagi zetu zina pini tatu za mstatili. Katika Kigamboni nzima hakuna pasi, birika wala chaja inayoingia kwenye tundu lile bila adapta. Kwa hiyo mashine ile imevuka bahari, imeshuka bandarini, imekaa chini ya mwembe wangu, na usiku na mchana imekuwa ikitengeneza umeme ambao hauna mteja. Inakesha, ikisubiri mtu achomeke kitu. Na mimi ndiye ninayeitwa mzembe kwenye kikundi cha familia!

Swichi yake tuliipata ndani ya kabati la kichwani, herufi za Kijapani juu na chini. Binti akaizima, akabandika plasta, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: USIGUSE. Akachukua ndoo yake akaenda kuchota maji. Soda alikunywa kijana wa bodaboda.

Shemeji nilipompigia akasema, "Mimi nilihisi ni inveta." Alihisi! Halafu akakumbuka kitu. "Sasa shem, ile betri ya kwanza nayo si ilikuwa nzima?"

Nikashuka mpaka gerejini kwa yule fundi wa cheche, jioni. Sikuhitaji kuuliza, nilisikia tangu kona. Betri yetu iko juu ya tairi kuukuu, imeunganishwa spika mbili na taa tatu, singeli inapigwa mpaka mabati yanatetemeka, na vijana wamepanga foleni ya kuchaji simu, buku moja moja.

"Kijana," nikamwambia, "hii si ndiyo uliyosema imekufa?"

Akapunguza sauti kidogo, kwa heshima. "Imekufa, bosi. Hapa naisukumasukuma tu."