Akiba ya uthabiti: namba nzuri zinazodanganya

Chukua tangi la maji linalopashwa moto kwa mvuke, kihisi cha joto kikiwa kwenye bomba la kutokea. Maji yakipita kwa kasi kamili, kuifungua vali ya mvuke kwa 1% zaidi hupandisha joto kwa nyuzi 2. Muda wa mwitikio wa tangi ni sekunde 120, na habari hukifikia kihisi baada ya sekunde 15, maana maji lazima kwanza yasafiri kwenye bomba. Kidhibiti cha PI, kinachosahihisha kosa la sasa pamoja na kosa lililojikusanya, chenye gaini 2 (vali husogea 2% kwa kila nyuzi 1 ya kosa) na muda wa intigrali wa sekunde 120 (ukiwa mrefu, kosa lililojikusanya husahihishwa polepole) kinaonekana imara: akiba ya fezi, yaani nafasi iliyobaki kabla ya kuyumba, ikipimwa kwa nyuzi za pembe, ni 61, na ucheleweshaji unaweza kufika sekunde 47 kabla joto halijaanza kupanda na kushuka bila kutulia.

Wapenzi wa PI huishia hapo. Lakini namba hizo hupima badiliko moja tu, mengine yote yakiwa yamesimama. Maji yakipungua kwa nusu, gaini ya tangi (joto linalopanda kwa kila 1% ya vali), muda wake na ucheleweshaji huongezeka maradufu kwa pamoja, na akiba inashuka hadi nyuzi kama 25. Yakibaki theluthi, ucheleweshaji ni sekunde 45, chini ya zile 47, na tayari mawimbi yanakua.

Basi tusanifu kwa hali mbaya kabisa, maji yakiwa theluthi: gaini 0.67, muda wa intigrali sekunde 360. Kote kunatulia. Ila shinikizo la mvuke likiyumba, jumla ya kosa la joto ni mara 9 ya awali. Maji ya kuoga hayajali. Kiwanda cha maziwa kinajali sana.

Hesabu nzito nazo si kinga. Mwaka 1978 John Doyle, mtaalamu wa nadharia ya udhibiti, alionyesha kuwa kidhibiti cha LQG, kinachokokotolewa kiwe bora kihesabu dhidi ya kelele za nasibu, pamoja na ubora wake wote, hakina akiba yoyote ya uhakika. H-infiniti, njia ya kusanifu kwa hali mbaya kabisa kati ya zinazowezekana, huuliza swali sahihi zaidi, lakini ukiiambia gaini na muda hubadilika kila kimoja kivyake, itajikinga na hali zisizotokea kamwe kwenye tangi hili, na kidhibiti kitalala, yaani kitakuwa kizito kuitikia.

Kwangu mimi, mita ya mtiririko ina faida kuliko vyote: gaini ya kidhibiti ipande na kushuka na mtiririko, muda wa intigrali uende kinyume chake. Mita ikipoteza ishara, rudi 0.67 na 360. Hatari zaidi ni mita iliyokwama kwenye kasi kamili, kwa sababu ishara bado ipo; ilinganishe na hali ya pampu.